Mama Stefano Anataka Kula

Jumatatu, 3 Juni 1957. Newala.

Nashona kaptula za shule tangu asubuhi. Kaki imeisha, Mhindi mwenye duka anasema nyingine iko njiani kutoka Lindi. Upepo mkali barazani. Vumbi jekundu limeingia kwenye mafuta ya cherehani.

Adhuhuri mke wangu, Mama Stefano, amekuja dukani na gauni lake la kanisani. Anataka nilipunguze kiunoni. Nililipunguza wakati wa Pasaka. Nimempima tena. Kamba ya kupimia imezunguka ikabaki nyingine mkononi.   Nimelishona pale pale, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni.

Ametapika tena. Safari hii nimeona mwenyewe. Mbaazi za juzi, nzima nzima, hazikusagika. Chakula kinakaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga, kisha kinarudi kilikotoka. Yeye anasema ni baridi tu. Anakunywa maji ya mchaichai.

Nina hofu. Mwanamke niliyemwoa alikuwa akipandisha mlima kutoka bondeni na mtungi wa maji kichwani huku anaimba. Leo ameinua kibuyu, akakaa chini kupumzika.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.

Padri amehubiri habari za ndimi za moto. Mimi nilikuwa natazama shingo ya mke wangu. Mishipa yote nje.

Baada ya ibada mke wa mwalimu ameniita pembeni. "Baba Stefano, mpeleke hospitali. Usingoje mavuno." Nimeona aibu kwamba limesemwa na mtu wa nje. Nyumbani nimemwambia tutashuka Jumatano na lori la Mhindi. Amekubali upesi mno. Hilo limenitisha kuliko matapishi.

Jumatano, 12 Juni. Hospitali ya misheni, upande wa Masasi.

Mama Stefano alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya makopa, muhogo mkavu. Kwenye miteremko dereva alikwenda taratibu, Mungu ambariki. Tulipofika chini joto likatupokea. Kule juu Juni tunavaa sweta.

Hospitali si kubwa. Nyumba za mawe na bati, wodi ya wanawake huku, ya wanaume kule, katikati baraza. Nyuma kuna banda la kupikia ambapo ndugu wanawapikia wagonjwa wao. Daktari ni Mzungu mwanamke, mfupi, mikono mikubwa. Kila mtu anamwita Bibi Daktari. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiyao, maana amejifunzia huku huku. Alimshika Mama Stefano kiunoni, akamtikisa kidogo kulia na kushoto, akasikiliza. Nami nilisikia. Maji yanacheza ndani kama mtungi uliojaa nusu.

Hakutabasamu. Akasema tulale.

Ijumaa, 14 Juni.

Wamempitishia mpira puani mpaka tumboni na kuvuta uchafu wote. Ndoo. Baada ya hapo amesema anajisikia mwepesi. Muuguzi mkuu, Tekla, msichana wa Kimakua mwenye sauti ya kiaskari, akaniita niingie nikasikilize.

Bibi Daktari alikaa kitandani karibu na mke wangu. Amesema bila kuzunguka. Tumbo lina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Huu wa kutokea umeota uvimbe, umeziba. Uvimbe wenyewe ni saratani. Ukiachwa, mgonjwa atakufa na njaa huku anakula. Njia ni mbili. Dar es Salaam, kwa meli, kwa madaktari wakubwa. Au yeye mwenyewe, hapa hapa.

"Kule wanafanya kazi hii mara kwa mara," alisema. "Mimi nimeifanya mara chache. Wapo waliorudi makwao. Wapo tuliowazika hapa. Sitawaficha."

Nilimkasirikia. Halafu nikamshukuru. Yote kwa pamoja.

Nikaanza kusema habari za meli. Mama Stefano akanikata. Alisema: "Dar es Salaam nitafika maiti. Bibi Daktari, mimi sikuja kuuliza nitaishi miaka mingapi. Nimekuja kwa sababu nina njaa. Nataka kula."

 Kisha Bibi Daktari akanigeukia, mume unasemaje. Nikamwambia mume ni mume tu. Kwetu juu mwenye dada ni kaka yake. Bila kaka yake, Bakari wa Kitangari, kukubali, kisu hakigusi ngozi, na akifa nitaulizwa mimi. Bibi Daktari akacheka kidogo. Anajua mila zetu. "Basi mlete," akasema. "Ila usikawie."

Jumatatu, 17 Juni. Kitangari.

Nimepanda juu tena. Mama Stefano nimemwacha mikononi mwa Bi Salome, mama wa Masasi anayemuuguza mumewe. Tumefahamiana bandani. Nimemwamini kwa kuwa anasugua sufuria kabla ya kupika na baada.

Shemeji Bakari nimemkuta anasafisha chini ya mikorosho. Amenikaribisha vizuri, amenichinjia jogoo. Nilipotaja kisu akaweka tonge chini. "Dada yangu si kuku wa sikukuu." Akanikumbusha mwanamke wa kijiji chao aliyepasuliwa pale pale hospitalini, akarudishwa amefunikwa shuka. Ni kweli, namkumbuka. Anataka apelekwe kwa mganga mmoja bondeni, karibu na Ruvuma. Nikamwuliza, huyo mganga atamtikisa tumbo asikie maji kama nilivyosikia mimi? Tumegombana mpaka majirani wakatusikia. Wanaume wazima.

Mwisho amesema atakuja kuangalia kwa macho yake. Kukubali hajakubali.

Sina hamu ya kuandika zaidi. Nimechoka naye. Na ana haki.

Jumatano, 19 Juni. Hospitali.

Tumefika na Shemeji. Alipomwona dada yake alitoka nje, akasimama nyuma ya banda muda mrefu, akarudi na macho mekundu. Akasema ni moshi.

Bibi Daktari alikuja, akamwambia, "Shikamoo, mzee." Shemeji alishtuka. Hakutegemea. "Marahaba," akajibu, sauti imepungua. Kisha akauliza swali moja tu, ambalo mimi sikulifikiria.

"Ukimfungua ukakuta huwezi, utafanya nini?"

"Nitamfunga, na nitatoka nikwambie wewe kwanza."

"Hutajaribu ili uonekane umejaribu?"

"Hapana, mzee."

Shemeji akamtazama sana. Akamtazama na dada yake, naye akasema kwa Kimakonde kwamba kama Bakari anataka kumnyima chakula tangu utotoni mpaka leo, aendelee. Wote tumecheka. Wino ukaletwa, Shemeji akatia kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa.

Ijumaa, 21 Juni.

Hapa siku zinakwenda kwa kengele ya kanisa. Kila asubuhi wanamwosha tumbo kwa mpira. Wanamtia maji ya chumvi na sukari mshipani. Bibi Daktari anasema lazima apate nguvu kwanza, mtu mkavu hapasuliwi. Uso umerudi kidogo.

Leo walitafuta damu. Tekla alituchoma vidole, mimi na Shemeji, akachanganya na ya Mama Stefano kwenye kisahani cheupe. Yangu na yake zikajikusanya vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Hazipatani. Miaka yote ya ndoa, watoto wawili, na damu hazipatani! Nimeumia, sijui kwa nini. Ya Shemeji ikatulia laini. Akanitazama: "Nilikwambia, dada ni wangu."

Lakini walipoleta sindano ya kumtoa damu alifumba macho na kugeukia ukutani. Tangu hapo kila akisimama anashika nguzo na kusema kizunguzungu. Ametaka supu ya kuku. Nimempikia.

Kupika nimejifunza kwa Bi Salome. Mwanamume ni mimi peke yangu bandani. Siku ya kwanza wanawake walinyamaza nilipoingia. Siku hizi wananituma kuni.

Jumapili, 23 Juni.

Mumewe Bi Salome anaitwa Mzee Luka. Mrefu, mcheshi, alikuwa mwashi wa kanisa. Kwake ugonjwa umeshika juu zaidi, kwenye njia ya chakula kabla hakijafika tumboni. Hata mate hayapiti vizuri. Bibi Daktari alimwambia pale hawezi kuondoa, ni karibu na moyo, hana vifaa wala mtu wa kumsaidia. Amemtoboa tumbo ubavuni na kumwekea mpira. Bi Salome anamimina uji kwa faneli.

Lakini Mzee Luka anataka ladha. Kwa hiyo anatafuna muhogo wa kuchoma taratibu, anafumba macho, anautema kwenye kopo. Ndipo anamwambia mkewe, "Haya, sasa mimina." Leo ameniambia amekuwa tajiri, ana midomo miwili.

Nilicheka. Kisha nikaenda kanisani nikalia kidogo.

Jumatatu, 24 Juni.

Kesho.

Kukaa bure siwezi. Wana cherehani ya mkono stoo, nimeomba kushona mashuka yao yaliyochanika. Bibi Daktari amepita, akasimama kuangalia. Nikamwuliza utumbo unashonwaje. Akakaa juu ya sanduku akanieleza kama fundi kwa fundi. Uzi wa ndani unayeyuka wenyewe, wa nje ni hariri. Mshono mara mbili, ukingo unakunjwa kwa ndani, usivuje. Akalichukua shuka akanionyesha kwa vidole. Mishono yake ni midogo, inalingana. Imenituliza kuliko dua yoyote ya leo. Mungu anisamehe.

Mama Stefano amenisuta kwamba sijanyoa. Amesema hataki kuamka amwone mganga wa bondeni. Nimenyoa.

Jumanne, 25 Juni.

Walimchukua asubuhi, jua likiwa upande wa dirisha la chumba cha upasuaji, maana taa yao moja haitoshi. Alipita mbele yetu kwenye machela. Alinishika mkono, akamshika kaka yake.  Mimi nilisema, "Haya."

Tumekaa chini ya ukuta, Shemeji kwa tasbihi yake, mimi kwa sala zangu. Harufu ya dawa ya usingizi ilitufikia nje. Mara muuguzi akapita na chupa ya damu amezungushia taulo. Shemeji akanigusa: "Ile yangu." Akainuka kidogo kama mtu anayemsalimia ndugu.

Kivuli kilifika miguuni kisha kikatuacha. Sikuwa na hofu tena, nilikuwa na hasira tu, sijui ya nani.

Bibi Daktari alipotoka aprini ilikuwa imelowa na uso mwekundu. Alimwendea Shemeji kwanza, kama alivyoahidi. Amesema uvimbe ameutoa. Amekata sehemu kubwa ya tumbo, na iliyobaki ameiunga na utumbo. Shemeji akaomba kuliona lililokatwa. Likaletwa kwenye bakuli. Nyama yenye uvimbe mweupe, mgumu, na tundu dogo la kupitisha njiti ya kiberiti. Shemeji aliinama akaliangalia. "Kidude hiki," akasema. "Kidude hiki ndicho kinamnyima mtu ugali!"

Anahema. Rangi yake si nzuri. Yuko hai.

Alhamisi, 27 Juni.

Maji hapewi. Namlowesha midomo kwa pamba. Ameniita majina ambayo sijayasikia tangu tuoane, mengine ya Kimakonde cha zamani. Tekla anasema akitukana ni dalili njema. Basi hali ni njema sana.

Ijumaa, 28 Juni.

Bibi Daktari anakuja kila mara na kuuliza jambo moja: ametoa upepo? Mwanzoni niliona haya. Sasa wodi nzima inangoja. Wagonjwa wanaulizana. Bi Salome ananiuliza mlangoni, mbele ya watu, "Bado?" Bila upepo utumbo bado umelala, na usipoamka kazi yote ni bure.

Jumamosi, 29 Juni.

Mke wangu amejamba.

Ilikuwa wakati wa kufagia. Mwanamke wa kitanda cha jirani akapiga kigelegele, na wengine wakaitikia mpaka wanaume wakaja kuchungulia. Tekla amepiga makofi. Mama Stefano alijifunika shuka usoni, tumbo linamuuma kwa kucheka, anashika kidonda. Sijapata kufurahi hivi, hata siku Stefano alipozaliwa. Jioni kijiko kimoja cha maji. Kimekaa. Kingine. Kimekaa.

Shemeji amerudi Kitangari na lori la makopa. Amesema kizunguzungu kimekwisha.

Jumanne, 2 Julai.

Homa. Tangu jana mchana. Anatetemeka. Uji wa jana hakuutaka. Tumbo limekuwa gumu upande wa kidonda.

Bibi Daktari hajasema mengi. Namwona anavyolibonyeza tumbo na kuangalia pembeni. Nilimfuata barazani nikamwuliza, mshono umeachia? Akasema hajui. Ikiwa mshono wa ndani umeachia hakuna atakachoweza. Alisema hivyo hivyo, akaegemea nguzo ile ile aliyokuwa akiegemea Shemeji. Ni mtu wa makamo na leo alionekana ajuza. Nilitaka kumlaumu, sikupata pa kuanzia.

Penisilini. Sindano baada ya sindano.

Jumatano, 3 Julai.

Hali ile ile. Bi Salome amenipikia mimi. Sikula. Mzee Luka alijikokota mpaka barazani akakaa nami, akawa anatafuna muhogo wake na kutema. Niliona heri awepo.

Nimefikiria nitakavyomwambia Bakari. Nimefikiria watoto. Stefano yuko bandarini Mtwara, sijamwita. Perpetua ana mtoto mchanga. Nimekosea kutowaita? Nasema hapana. Kisha nasema ndiyo.

Alhamisi, 4 Julai.

Asubuhi Tekla alipofungua bandeji kidonda kilikuwa kimevimba na kung'aa upande mmoja. Bibi Daktari akakata nyuzi mbili za nje, akapanua. Usaha. Mwingi, unanuka, ukachuruzika kwenye beseni. Nilidhani ndio mwisho. Nikatazama uso wa Bibi Daktari, nikaona anacheka! Akachomeka kidole, akatafuta, akasema: "Ni chini ya ngozi tu, Baba Stefano. Chini ya ngozi tu. Ndani pamefungwa."

Tekla naye akakaa juu ya kitanda kitupu, jambo ambalo huwakataza wengine.

Alasiri homa imeshuka. Mama Stefano amefumbua macho akauliza kama kuna uji.

Jumapili, 7 Julai.

Uji mwembamba wa mtama, vijiko. Supu. Yai bichi kwenye maziwa, amekunja uso. Kila akimeza, mimi nameza. Bi Salome amenikataza kumtazama hivyo, atapaliwa.

Kidonda wanakisafisha kila siku. Kinapona kutoka chini kwenda juu, Tekla anasema, kama kisima kinavyofukiwa.

Alhamisi, 11 Julai.

Leo Bibi Daktari ametuweka chini. Nilijua kuna neno. Amesema uvimbe ameutoa, lakini nyuma ya tumbo aliona vifundo vidogo, karibu na mshipa mkubwa. Hakuthubutu kuvigusa. Ugonjwa utarudi. Lini hajui. Pengine mavuno mawili, pengine zaidi, pengine chini ya hapo.

Nilihisi kama nimepigwa. Baada ya yote haya. Nilitaka kusema, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya nini?

Mama Stefano hakutikisika. Aliuliza: "Mpaka siku hiyo nitakula?"

"Utakula. Kidogo kidogo, mara nyingi."

"Basi umefanya nililokuomba." Akamshika ule mkono mkubwa. Kisha akataka kujua kama nyama ya mbuzi imekatazwa.

Nimekwenda kutembea mpaka kwenye miamba. Nilikaa. Niliporudi alikuwa amelala, shavu limeanza kujaa. Hasira ikaisha yenyewe. Anayelala hivi hajaonewa.

Jumamosi, 13 Julai.

Mzee Luka na mkewe wametoka leo. Alivaa kanzu juu ya mpira wake, huwezi kujua. Ameniaga kwa mikono miwili. Amesema anataka kuwaona mafundi wapya wanavyoharibu ukuta wa kanisa. Bi Salome ameniachia mwiko wake. Banda limekuwa kubwa.

Jumatatu, 22 Julai. Newala.

Tumerudi jana. Dereva yule yule, taratibu vile vile. Tulipofika juu upepo ukampiga, akavuta pumzi kama anayekunywa. Perpetua alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, Stefano amepata ruhusa ya siku chache. Majirani wamekuja na mayai, unga, kuku. Kila mmoja anataka kuona kovu. Ameonyesha wanawake, wanaume amewafukuza.

Watoto nimewaambia kila kitu, nyuma ya nyumba.  Perpetua akasema, "Basi tumlishe." Huyo ni binti wa mama yake.

Nimeanza kazi tena. Kaki imefika.

Alhamisi, 15 Agosti.

Anakula kama ndege, asubuhi mpaka jioni. Akizidisha tumbo linakimbia, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, lazima alale chini. Tumejifunza. Chai ya sukari nyingi ni adui. Ugali laini na mlenda ni rafiki. Jana alijaribu ming'oko, ile mizizi ya porini, akatafuna mpaka taya zikachoka, akameza kipande. Alinitazama kwa fahari kama mtoto aliyepasi mtihani.

Maji nachota mimi. Kwenye bomba jipya foleni ni ndefu, wanawake wananicheka, fundi cherehani na ndoo. Nacheka nao. Naona afadhali kuchekwa.

Jumamosi, 14 Septemba.

Dereva wa lori ameleta habari. Mzee Luka amefariki, nyumbani kwake, wiki iliyopita. Bi Salome alimpa ujumbe atufikishie: alikufa mchana, baada ya kutafuna muhogo, na mafundi aliwaona. Ukuta aliukubali.

Mama Stefano amefunga kilemba, tumekwenda kanisani kumwombea. Nimehuzunika sana. Nimeona pia wivu fulani wa ajabu, jinsi mtu alivyoweza kufa bila kelele. Nimemwambia Mama Stefano. Akasema yeye atapiga kelele, nijiandae.

Ijumaa, 4 Oktoba.

Shemeji Bakari amekuja na gunia la mbaazi na mbuzi jike. Anazungumza na kila mtu kuhusu damu yake. Dukani ameeleza upasuaji wote kana kwamba alishika kisu. Mama mmoja kutoka upande wa Kitangari, anayetapika chakula cha juzi, mumewe hataki ashuke hospitali. Shemeji amesema atakwenda kuzungumza naye. Hakutumwa na mtu. Anajua swali la kuuliza.

Jumapili, 20 Oktoba.

Ibada ya kwanza. Tumerudi mapema. Jua kali, majani ya mikorosho hayatikisiki, korosho zinadondoka moja moja. Mama Stefano ameokota kidogo, akachoka, akakaa. Mchana amekula ugali wa muhogo na kisamvu, tonge tatu au nne, akanawa. Hakuna lililomsumbua.

Alasiri yote tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Yeye anasuka nywele za mjukuu, mimi sifanyi kitu.  Jua lilipotufikia tumeinuka, tukauburuta mkeka upande wa pili, tukakaa tena.